Jibini Juu ya Mlango wa Kabati

Mlango wa kabati la babu ulikaa nyuma ya kitanda changu miaka mingi bila kazi yoyote. Kabati lenyewe lilikwisha kuliwa na mchwa, likabaki hilo pande moja la mninga, jekundu na zito, lenye tundu dogo mahali kitasa kilipokuwa. Babu alilipata enzi zake za kazi ya reli, pamoja na nyumba hii ya Kilosa tunayoishi mpaka leo. Mimi ni mtu wa kutupa vitu. Picha za harusi yangu nilizitupa siku moja na viatu vya bwana aliyekuwemo. Lakini kila nilipotaka kuutupa ule mlango niliupapasa, nikaurudisha ukutani, nikaenda zangu.

Sikujua nautunzia nini mpaka siku mdogo wangu wa mwisho alipokuja jikoni na kusema mama wa mchumba wake anakuja kwetu Jumapili ya wiki ijayo. "Anakuja kututazama," alisema. Mama yetu alikwisha kufariki, hivyo mwenye jiko ni mimi, na wa kutazamwa ni mimi. Papo hapo nikauona ule mlango umelazwa sebuleni, umejaa vitu vizuri kutoka pembe hadi pembe, na mimi nimesimama kando nikijifanya sijafanya lolote la maana.

Hiyo ndoto niliitoa Mikumi. Kule nilifanya kazi miaka kumi na minne katika jiko la hoteli moja iliyo ukingoni mwa mbuga, na kazi yangu ya kila alasiri ilikuwa ubao wa jibini. Wageni wakirudi kutoka kutazama wanyama, vumbi limewakaa kwenye kope, huwa hawataki chakula kizito. Wanataka kusimama na glasi mkononi wakichomoachomoa: jibini ya aina tatu au nne, nyama iliyokatwa nyembamba, zabibu, korosho, asali kwenye kibakuli, biskuti za chumvi, vyote vimepangwa juu ya ubao mmoja. Jibini zilikuja na basi kutoka Iringa ndani ya kasha la barafu, nami nilizipokea stendi nikazikumbatia njia nzima kwa sababu zilikuwa baridi na mimi nilikuwa na joto.

Saa tisa alasiri jiko lile lilikuwa linasinzia. Tembo walikuja kunywa kwenye bwawa la kuogelea, hatua chache kutoka dirishani kwangu. Tembo hana kelele. Niliinua macho kutoka kwenye kisu nikakuta kitu cha kijivu kimesimama mahali ambapo dakika moja kabla palikuwa na anga, kisha nikarudi kwenye kisu changu. Siku nyingine sikumbuki kabisa kuanza wala kumaliza. Nakumbuka mikono yangu tu ikienda yenyewe, na upepo wenye harufu ya majani makavu.

Mpishi mkuu, mama mmoja mpole mwenye viganja vikubwa, alinifundisha sheria zake. Bakuli ndogo kwanza. Kisha jibini, ziachane. Kisha nyama, ikunjwe kama waridi na iegemee jibini. Mwisho unaziba mianya yote kwa matunda na karanga. "Ubao ukionekana, bado hujamaliza," alikuwa akisema. Na kabla ya hayo yote kulikuwa na karatasi. Kila mgeni aliulizwa siku ya kwanza ni kitu gani hali, tukaandika: huyu hali nguruwe, yule hali ng'ombe, yule karanga zinamvimbisha midomo. Karatasi ilibandikwa juu ya sinki, na niliisoma kila siku kabla ya kushika kisu.

Sasa niseme kuhusu baba, maana bila baba Jumapili ile isingekuwa na uzito wowote.

Baba ana shamba Chanzuru. Mwaka mmoja, mahindi yakiwa yamefika kifuani, ng'ombe waliingia alfajiri, na jua lilipopanda hapakuwa na mahindi tena. Ng'ombe wa nani, hakujua, wala hakutaka kujua. Kwake ng'ombe wote wa bondeni wakawa ng'ombe mmoja na wafugaji wote wakawa mtu mmoja. Baba si mtu wa kushika fimbo. Alirudi nyumbani akaketi, na mama alipomletea chai ya maziwa akaisukuma pembeni. Tangu siku ile hanywi maziwa. Si kwenye chai, si mtindi, si uji. Chai yake ni ya rangi, na anataka kikombe kijae pomoni hadi kimwagike kwenye kisosi. Mama alipokuwa hai alisema kuwa baba anajaza hivyo ili pasibaki nafasi ya mtu kumtilia maziwa kwa ujanja.

Na mdogo wangu, kati ya kazi zote duniani, akawa bwana mifugo. Na kati ya wasichana wote wa wilaya hii, akampenda binti wa wafugaji aliyemkuta kwenye josho upande wa Mvumi, akiswaga ndama wa mama yake. Baba alipoambiwa alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Nitakaa nao. Nitawasalimia. Maziwa yao sinywi."

Kwetu, mgeni aliyekuja kwa jambo la ndoa akiondoka bila kula, amekwishajibu. Hakuna anayehitaji kumuuliza tena. Mdogo wangu alijua hivyo, na alijua pia kwamba mama wa yule binti ni mtu wa maneno machache ambaye hajawahi kuketi katika nyumba ya mkulima. "Dada," aliniambia, "akila tu. Hata kipande kimoja." Huyo mtoto nimemlea tangu anatambaa. Sijawahi kumsikia akiomba kitu kwa sauti ile, nikaogopa.

Nikiogopa, mimi huongeza mbwembwe. Ndugu walinishauri pilau. Pilau nikawaambia ina siku yake, hii ni siku ya kuonana, na siku ya kuonana ni ya ubao. Tena nikaamua jibini isitoke Iringa wala dukani. Nitaitengeneza mwenyewe kwa maziwa ya ng'ombe wa huyo huyo mama, bila yeye kujua. Ataonja, atauliza, nami nitamwambia: ni yako hii, mama, imetangulia kufika kwetu. Nilitembea na sentensi hiyo wiki nzima, naisema nikiosha vyombo, naisema nikifagia.

Nikamwomba wifi yangu mtarajiwa aniletee maziwa ya kwao. Yeye ndiye anayekamua asubuhi. Akaja Ijumaa na kibuyu kirefu, amekikumbatia.

"Ya nini, dada?"

"Utaona."

"Nimwambie mama?"

"Ole wako!"

Tukacheka wote wawili, na mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Maziwa yale yalinukia moshi. Wafugaji wa kwetu husugua kibuyu kwa ndani kwa kijinga cha moto cha mti wanaouchagua wenyewe, na maziwa yakikaa humo yanachukua ladha ya ule mkaa. Niliyachemsha, nikaepua, nikakamulia ndimu kidogo kidogo mpaka yakakatika, mabonge meupe yakaelea kwenye maji ya kijanikijani. Nikachuja kwa kitambaa, nikatia chumvi, nikafunga, nikaweka juu yake jiwe la kusagia la bibi. Nyumba nzima ikanukia moshi na ndimu. Nikakaa sakafuni nikisikiliza maji yakidondoka kwenye sufuria, tone, kisha tone. Honi ya treni ikalia stesheni, ikaja, ikapita, na kwa muda sikuwa na hakika kama niko Kilosa au Mikumi, wala kama nina miaka ishirini na sita au hamsini. Ilikuwa raha kutojua.

Jumamosi nilikwenda Dumila kufuata zabibu, kwa kuwa mabasi ya Dodoma husimama pale na zabibu hufika nayo. Muuzaji mmoja alinichagulia kishada kilichooza nusu, akakigeuza upande mzuri ukae juu. Nikakigeuza tena mbele ya wateja wake wote. Tulisemana vizuri tu, kwa adabu, mpaka akanipa kishada kingine na papai la kunipoza hasira. Nyama nilichemsha ya paja la ng'ombe, pande zima, kwa tangawizi na pilipili manga, nikaiacha ipoe, nikaikata nyembamba hadi ukiinua kipande dirishani unaona mwanga.

Jumapili saa saba niliwafukuza wote sebuleni. Nikaulaza mlango juu ya vimeza viwili, nikaupangusa kwa mafuta mpaka wekundu wake ukaamka. Kisha mikono ikaanza. Kibakuli cha asali nikakiweka juu ya tundu la kitasa. Jibini zilikuwa tatu: moja tupu, moja nimeiviringisha kwenye pilipili manga, moja kwenye giligilani. Kingo zilizopinda nilizikata ili zikae mraba, na mikato yake nikaiacha jikoni ndani ya kitambaa, niwape kuku baadaye. Halafu mawaridi ya nyama, moja baada ya jingine, yakaegemea jibini. Zabibu zikaingia kati, karanga, vipande vya papai, mihogo iliyokaangwa ikakauka. Pazia lilikuwa linapepea, mwanga unaingia na kutoka juu ya vitu vile, na mimi nikawa sipo. Nilikuwa dirishani Mikumi na tembo wanakunywa. Niliporudi, ubao haukuonekana hata upana wa kidole. Nikasimama mlangoni nikautazama, nikaona, Mungu anisamehe, kwamba mimi ni hodari sana.

Walikuja watatu saa tisa: mama, binti, na baba mdogo wa binti, mzee mwembamba mwenye shuka jekundu begani. Mama alikuwa mrefu, shanga zake zikilia kidogo alipoinama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibuni sana."

Akanikabidhi kibuyu cha maziwa. "Haya ni ya nyumba," alisema, nikakipeleka jikoni. Binti akamwamkia baba, na baba akaitikia marahaba kwa upole kuliko nilivyotegemea. Kisha wazee wakaketi baraza ya ndani, wakasalimiana, wakaulizana habari za mvua, za barabara, za magonjwa. Baba alikuwa na kikombe chake cha chai ya rangi, kimejaa pomoni kama kawaida, akikinywea taratibu ili kisimwagike shatini.

Nikafungua pazia la sebule. Nikasema karibuni, jongeeni. Binti alipoona ubao akaziba mdomo kwa kiganja, nikadhani ni mshangao wa furaha. Mdogo wangu akanikazia macho na kukunja uso, nikadhani ananisifu kimyakimya, kwa sababu anajua sipendi kusifiwa mbele za watu. Baba mdogo akatazama sakafu, soda yake mkononi.

Mama yeye alisogea. Aliinama juu ya ubao, akavuta pumzi, na nikauona uso wake ukifunguka. Mkono wake ukatoka kwenye shuka, ukaenda mpaka karibu na ile jibini tupu. Sentensi yangu ilikuwa tayari mdomoni. Kisha mkono ukasimama hewani, kidole kimoja juu ya waridi la nyama, ukarudi polepole ndani ya shuka.

"Nimeshiba, mwanangu," alisema. "Asante."

Mdogo wangu aliniangalia, na sitaki kuukumbuka ule uso. Baba naye akanitupia jicho la unaona sasa, akachukua waridi moja la nyama akalitafuna, akachukua la pili. Nilihisi damu inapanda kutoka miguuni. Siku tatu nimeinamia sufuria, nimekwenda mpaka Dumila, nimeutoa mlango wa babu, na huyu anakunja mkono kana kwamba nimemwekea takataka.

"Labda chakula cha wakulima hakina hadhi," nilisema.

"Dada!" Mdogo wangu alisimama.

Yule mama hakubadilika uso. Aliinuka, akayakusanya mashuka yake, akasema, "Nionyeshe maji ya kunawa." Nikatangulia kuelekea jikoni bila kugeuka nyuma, maana machozi ya hasira yalikuwa yamenijaa na sikutaka baba ayaone.

Alinawa. Alijipangusa mikono taratibu, kisha akaona kile kitambaa juu ya meza. Akakifungua, akainama, akakinusa.

"Hii ni ya kibuyu changu," alisema.

"Umejuaje, mama?"

"Moshi wa mti wangu. Jirani zangu wanatumia mti mwingine. Nimeusikia kule sebuleni, nikajiuliza umefikaje kabla yangu. Nikafurahi. Nikanyoosha mkono." Akakiweka kitambaa mezani. "Halafu nikaona nyama imelala juu yake."

Niligeuka kutazama pazia la sebule.

"Maziwa na nyama sisi hatuvikutanishi. Siku ya nyama ni ya nyama, siku ya maziwa ni ya maziwa. Ng'ombe aliyetoa hii yuko hai, jioni atakuwa ananingoja zizini. Nitamkutanishaje na aliyekufa ndani ya mdomo mmoja? Nilitaka hata nichukue zabibu. Lakini zabibu zako nazo zimeegemea nyama upande huu, maziwa upande huu. Hukuacha nafasi hata ya kidole."

"Mbona binti yako hakunionya?" Sauti yangu bado ilikuwa na ukali, lakini ukali wenyewe ulikuwa unatafuta pa kujificha.

"Ulimwambia unapika nini?"

Nikaanza kupangusa meza.

"Ungeniuliza tu, mwanangu," alisema. "Nina simu."

Nikaiona ile karatasi ya Mikumi, imebandikwa juu ya sinki, pembe zake zimelowa mvuke. Miaka kumi na minne niliwauliza watu nisiowajua, watu watakaoondoka kesho na wasikumbuke hata uso wangu: ni kitu gani huli? Na huyu, ambaye damu yake itachanganyika na yetu, ambaye wajukuu zake wataniita shangazi, sikumuuliza. Nilitaka ashangae. Nilitaka anione mimi. Nikapiga goti pale pale kwenye maji yaliyomwagika, nikamwomba radhi kwa lile neno la sebuleni.

"Inuka, utalowa," alisema. Kisha akaonyesha mikato. "Hii imegusana na nyama?"

"Haijagusana. Niliiweka ya kuku."

"Basi leo mimi ndiye kuku."

Akavuta kigoda akakaa. Akachukua kile kipande kibaya kuliko vyote, kilichopinda kama ukucha, akakiweka mdomoni. Alitafuna huku macho yake yamefumba, na jikoni palikuwa kimya hivi kwamba nilisikia nyuki waliofuata asali kule sebuleni. Akameza.

"Chumvi nyingi," alisema, akachukua kingine.

Hapo ndipo nilipomwona baba. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake kitupu, sijui tangu saa ngapi. Alimtazama yule mama ameketi kwenye kigoda cha marehemu mke wake, kiganja kimejaa vipande vyeupe, anakula. Alitazama muda mrefu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kukumbuka kitu alichokuwa anakishikilia, na kwa nini. Kisha baba yangu, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuonja tone, akanyoosha mkono ili apewe kipande.

Yule mama akakunja kiganja.

"Hapana, mzee," alisema kwa heshima yote. "Wewe nimekuona. Umekula nyama vipande viwili. Maziwa yako kesho."

Nilidhani sasa paa litaruka. Baba alibaki mkono hewani, kama mtoto aliyenyimwa andazi. Akautazama mkono wake mwenyewe. Akamtazama yule mama.

"Kesho saa ngapi?" aliuliza.

"Asubuhi. Kibuyu nimekileta, kile pale."

"Haya," alisema baba, akarudi sebuleni. Kupitia pazia nikamsikia mdogo wangu akiuliza kwa sauti ya kunong'ona, "Amekula?" na baba akijibu kwa sauti ya mtu anayesimamia jambo, "Anakula. Kaa chini."

Ubao uliliwa na majirani jioni ile, na wakausifu, na mara hii sifa hazikunifurahisha sana. Nilibaki na mlango mtupu wenye alama ya asali kuzunguka tundu la kitasa. Niliuosha, nikauacha uegemee ukuta wa sebule. Nyuma ya kitanda haujarudi mpaka leo.

Asubuhi ya Jumatatu niliamka ukungu bado uko juu ya milima, na nikamkuta baba amekwishaketi mezani, amenawa uso, amevaa shati la jana. Nilichukua birika nikaanza kumimina chai yake ya rangi kama nilivyozoea, nikijiandaa na kisosi. Kikombe kilipofika nusu, baba akaweka kiganja juu yake.

"Imetosha," alisema, akageuka kutazama kibuyu.